Mwalimu wa Kwaya Asiye na Kwaya

Watu wa mtaa wetu waliendelea kumwita Mwalimu wa Kwaya miaka mingi baada ya yeye kuacha kufundisha kwaya, naye aliitika bila kuwasahihisha. Wageni waliomtafuta kwa jina lake la ubatizo walizungushwa hadi sokoni na kurudishwa, maana hakuna aliyelijua kwa hakika. Lakini ukisema "Mwalimu wa Kwaya", hata dereva wa bodaboda aliyehamia Karatu juzi angekufikisha kwenye ua wake, chini kidogo ya mashamba yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, na angekushauri uzime simu kabla ya kubisha hodi, kwa kuwa mzee yule hapendi milio.

Hilo la mwisho halikuwa kweli. Alipenda milio kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Asichokipenda ni mlio unaokatika.

Nilimjua kwanza nikiwa msichana wa sekondari, nikiimba alto katika kwaya yake. Nilipomaliza chuo na kurudi Karatu kufundisha sayansi, nilipata kiwanja jirani na chake, tukatenganishwa na ua wa minyaa ambao haukuzuia kitu chochote, sembuse sauti. Kwake sikuwahi kupata jina lingine. "Alto, chumvi ipo?" aliita kupitia minyaa. Mke wa mchungaji, mtu mzima mwenye heshima zake, aliitwa Soprano mbele ya waumini. Na Mchungaji mwenyewe, ambaye hakujua kuimba hata kidogo, aliitwa Mchungaji, kwa sauti ya kumhurumia.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Wazee wa Kiiraqw, ambao wengine huwaita Wambulu, hupenda kuujua ukoo wa mtu kabla chai haijapoa, na mara kadhaa nilishuhudia akiulizwa. "Mimi ni wa besi," alijibu, akaendelea kukoroga sukari. Sukari hiyo, niseme ukweli, alikoroga ya kwake tu. Mgeni aliwekewa kijiko kimoja kwa mkono wa mwenyeji na kopo likafungwa. Alikuwa mkarimu wa vitu ambavyo wengine hawavitoi, kama muda na usikivu, na mchoyo wa sukari.

Dukani kwa vifaa vya ujenzi alijulikana kwa usumbufu. Hakununua bomba la plastiki kwa kulipima urefu na unene kama mafundi wengine. Aliliinua, akaweka mdomo kwenye ncha, akapuliza, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akalirudisha na kuchukua jingine. Mwenye duka, mama mcheshi kutoka Mbulu, hatimaye alimwekea sheria.

"Mwalimu, haya ni mabomba ya majitaka. Ukishaweka mdomo, umenunua."

"Na nikiweka sikio?"

"Sikio ni bure. Ila usikae nalo mpaka tufunge duka, kama juzi."

Mara nyingi alitoka mikono mitupu na kuteremka Baray, kwenye mashamba ya vitunguu, ambako wakulima walimwachia mabomba ya umwagiliaji yaliyochakaa. Aliamini kwamba bomba lililopitisha maji kwa miaka lina sauti yenye ukarimu zaidi kuliko jipya. Nilimweleza, kwa lugha ya darasani, kwamba plastiki haina kumbukumbu ya maji. Alinitazama kwa upole. "Hujalipuliza," alisema, na kwa upande wake mjadala ukawa umekwisha.

Kutokana na mabomba hayo alitengeneza ala ambazo hazikuwa na majina, naye akazipa majina ya ukoo ambao mwenyewe alikataa kuutaja: Wajukuu, Wajomba, na baadaye Bibi. Ufundi wake haukuwa siri. Alikata kipande cha mpira kutoka kwenye glavu za zahanati, akaukaza juu ya mdomo wa bomba kama ngozi juu ya ngoma, kisha akatoboa ubavuni na kuingiza mrija wa kupulizia. Hewa ilipoingia na kukosa njia, ule mpira ulitetemeka na bomba zima likaanza kunguruma. Mpira ule aliuita ulimi. Tyubu za magurudumu ya malori zilimsaidia kuweka akiba ya hewa. Alizijaza, akazikalia, na sauti ikaendelea kutoka huku yeye akipumzika na kunywa chai. Nilimkuta hivyo mara nyingi, mzee mwenye kofia ya sufu ameketi juu ya tyubu kwa adabu zote, kikombe mkononi, nyumba nzima ikinguruma.

Nilipokuwa mgeni wa muziki huo nilimuuliza kwa nini hauna tuni.

"Alto, tazama barabarani," alinijibu. "Kila bango linauza safari. Kila mtu hapa anapitishwa tu kwenda kreta. Nyimbo nazo ni hivyohivyo: zinakuchukua hapa, zinakuonyesha simba, zinakurudisha kwa chakula cha mchana. Mimi nataka muziki ambao ukifika, umefika."

Sikumwelewa kwa maneno. Nilimwelewa kwa kukaa. Ukisikiliza kwa muda mfupi, unasikia noti moja tu na unaanza kuwaza kazi ulizoziacha nyumbani. Ukivumilia, noti ile inaanza kufunguka. Ndani yake kuna nyingine nyembamba, kama filimbi ya mchunga mbuzi aliye mbali. Na pale mabomba mawili yasipokubaliana kabisa, kunazuka mtikisiko wa polepole ambao kifua huusikia kabla ya sikio. Kisha, bila kujua ni lini, unatambua kwamba mabega yako yameshuka. Kijana mmoja kutoka Arusha, mtaalamu wa kurekodi sauti, alikuja na vinasa sauti vyake na kumweleza kwa furaha kwamba huu unaitwa muziki wa majaribio.

"Anayejaribu ni nani?" Mwalimu alimuuliza.

"Wewe, mzee. Ni sifa hiyo."

"Mimi sijaribu, mwanangu. Mimi napuliza."

Yaliyomfikisha hapo yalianzia kanisani. Sikukuu moja ya Pasaka, kwaya ilipomaliza wimbo wake, aliwaonyesha besi kwa kiganja kwamba waishikilie noti ya mwisho. Waliishikilia. Waumini waliketi, na besi wakaendelea kuishikilia. Katibu wa usharika alisimama kusoma matangazo, akasoma la harusi na la mbuzi waliopotea juu ya ile sauti, na mimi naapa kwamba mbuzi hawajawahi kutangazwa kwa utukufu kama ule. Mchungaji aliinama kuelekea jukwaani.

"Mwalimu, wimbo haujaisha?"

"Uliisha, Mchungaji. Huu ni mwingine."

Walimsamehe. Lakini kilipoletwa kinanda chenye midundo iliyotengenezwa tayari, na vijana wakataka kurekodi video wakiwa wamevaa sare, alielewa mwenyewe. Hakugombana. Alikabidhi funguo za kabati la vitabu, akahamia benchi la nyuma, na kila Jumapili aliimba besi kwa utii uliomsumbua mrithi wake kuliko upinzani wowote, kwa kuwa besi ile ya nyuma ilichelewa kunyamaza kila mara.

Nimesema alipenda sauti isiyokatika, na mtu angedhani alikuwa mvumilivu. Hakuwa. Hakuweza kusubiri foleni ya benki bila kutoa ushauri kwa watumishi. Alizungumzia umoja wa pumzi za wanadamu kwa ufasaha wa kutoa machozi, kisha akakuchapa mkono kwa kushika bomba lake bila ruhusa. Alisifu utulivu, na mechi ilipokuwa redioni mtaa wote ulijua matokeo. Mara moja tu alikubali kupiga kwenye loji ya watalii. Meneja alimsogelea na kumnong'oneza, "Mzee, utaanza saa ngapi?" wakati yeye alikuwa amefika katikati, na fundi wa jenereta alikuwa ameshakimbilia nyuma kukagua mtambo. Nilipomuuliza ilikuwaje, alisema kwamba supu yao ya malenge ilikuwa nzuri sana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha. Alitaka, mara moja katika maisha yake, mabomba yote yalie pamoja, kuanzia baada ya chakula cha mchana mpaka jua liingie nyuma ya ukingo wa kreta, bila sauti kukatika hata kwa pumzi moja. Tyubu hazingetosha. Jambo hilo lilihitaji watu wa kupokezana, na hakuwa na watu. Alikuwa pia na kifua kibovu ambacho kila msimu wa baridi na ukungu kilimlaza zaidi. Alilijua hilo, nasi tulilijua, na ndiyo maana sikuweza kuyatazama mambo ya tembo kama kichekesho kitupu.

Mashamba ya juu yetu yanagusa msitu, na mahindi yanapokomaa tembo hushuka. Kila nyumba ina bati la kugonga, filimbi, na pilipili ya kuchoma pamoja na kinyesi cha ng'ombe ili moshi uwafukuze. Watu wa huku hujifunza kumtambua tembo kabla ya kumwona. Hatuzungumzii ule mlio wa tarumbeta unaowafurahisha watalii, bali ngurumo ya chini, ndefu, ambayo huwa imeshaanza kabla hujajua kwamba unaisikia. Jioni moja, jua likiwa bado lipo, Mwalimu alipuliza kwa mara ya kwanza bomba alilounganisha kwa vipande vya Baray, refu kuliko nyumba yake. Huyo ndiye Bibi.

Mtaa wa juu ulitoka wote. Walishuka wakigonga mabati, moshi wa pilipili ukiwatangulia, wakafika uani kwake wakikohoa na kukuta tembo ni mzee mmoja na kofia yake. Mbele alikuwa Mama Paskalina, jirani wa shamba la juu kabisa, mjane anayelima peke yake.

"Mwalimu! Nimekimbia na mwiko! Nimeacha ugali motoni, nimekuja kupigana na tembo kwa mwiko!"

"Ungemwachia ugali, Mama. Angekula akarudi kwao."

"Nitakulisha wewe huo ulioungua."

Tulicheka sana. Siku chache baadaye, saa zilezile, ngurumo ilisikika tena, na watu wa juu hawakuinuka. "Ni Mwalimu na Bibi yake," Mama Paskalina mwenyewe alimwambia jirani, akaendelea kuosha vyombo. Na kweli Mwalimu alikuwa akipuliza. Ngurumo ya tembo ilijificha ndani ya ngurumo ya bomba, na hakuna aliyezitenganisha mpaka ua ulipovunjika. Walikuwa wameshaingia katika mahindi ya Mama Paskalina. Ambayo hawakuyala waliyakanyaga.

Mkutano wa kitongoji uliitishwa kwenye baraza la ghala la ushirika. Mama Paskalina hakusema mengi. Aliweka chini bua moja lililopondwa, akaketi. Wengine walisema kwa niaba yake. "Likatwe!" alipiga kelele mzee mmoja. "Tugawane vipande, tujengee vyoo!" Afisa wa wanyamapori, aliyealikwa, alisema kwa uangalifu kwamba kuna mahali watu hujaribu kuwafukuza tembo kwa sauti, ingawa hana uhakika na sauti ya namna hii. Mwenyekiti wa kitongoji alilidaka neno hilo kama mtu aliyeokolewa. Zamani aliimba sauti ya tena katika kwaya yetu, na alimpenda Mwalimu.

"Basi hapo tumepata njia," alisema. "Mwalimu, sema tu mbele ya mkutano kwamba bomba lako linaweza kufukuza tembo. Tutaliandika kuwa chombo cha ulinzi wa kitongoji. Hakuna atakayeligusa tena."

Nilimwona Mwalimu akisimama, na nilitamani aseme ndiyo. Neno moja lingemwachia mabomba yake, mwaka mzima, bila kuulizwa.

"Nakushukuru, Tena," alisema. "Lakini halifukuzi. Jioni ile nilikuwa nalipuliza. Walilisikia, wakaingia, wakala. Nikisema linafukuza, kesho mtu ataacha kulinda shamba lake kwa ajili ya maneno yangu. Ameshapata hasara mmoja."

Watu waliguna. Mwenyekiti alijifuta uso.

"Ninachoweza kuahidi ni hiki," Mwalimu aliendelea. "Tangu mahindi yanapofika kiunoni mpaka shamba la mwisho livunwe, hakuna bomba langu litakalolia. Hata Mjukuu mmoja."

"La mwisho la nani?" aliuliza yule mzee wa vyoo.

"La yeyote yule."

"Na hilo kubwa?"

"Nitanyamaza. Sitakata."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja kimo chake, na sidhani kama kuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana. Magunia ya mahindi yake mwenyewe yalipelekwa kwa Mama Paskalina bila matangazo. Aliyapokea, na kwa wiki nyingi hakuitikia salamu yake.

Tulirudi pamoja. Nilimkumbusha kwamba daktari alimtaka apunguze kupuliza, na kwamba mtu wa umri wake hana misimu ya kutupa. Alisimama, akavuta pumzi iliyokuwa na mluzi ndani yake.

"Sitautupa msimu, Alto. Tutafanya mazoezi."

"Mazoezi ya sauti bila sauti?"

"Njoo Alhamisi."

Hivyo ndivyo, mahindi ya msimu uliofuata yalipoanza kuinuka, alivyoipata kwaya yake ya pili. Aliondoa ndimi zote kwenye mabomba. Bomba lisilo na ulimi haliungurumi. Unasikia hewa tu, kama mtu anayepoza chai, na kwa sababu hiyo mtaa ulituita Wapoza Chai. Kila bomba alilipa mirija miwili ya kupulizia, ili mmoja aanze kabla mwenzake hajamaliza. Huko ndiko kupokezana, na ndiko kulikokuwa kazi yote. Tulikuwa waimbaji wachache wa zamani, mimi nikiwamo, pamoja na mlinzi wa loji ya jirani, Mmaasai mtu mzima kutoka Malambo ambaye alikuwa na mchana wake huru kabla ya zamu. Mwalimu alipita nyuma yetu, akaweka kiganja kwenye ncha ya bomba kupima hewa. "Imekatika," alisema. "Hapo umemwachia mwenzako shimo." Kwa muda mrefu hatukufanya lolote ila kuachiana mashimo.

"Nyinyi Wambulu mnapuliza kama watu wanaowahi mnada," mlinzi alitudhihaki.

"Na nyinyi Wamaasai?" aliuliza mwenzetu mmoja.

"Sisi tunajua kusimama. Ng'ombe anakula, wewe umesimama. Anakula tena, umesimama. Hiyo siyo kazi rahisi, yeyo, mama yangu."

Alhamisi ya tatu au ya nne hivi, Mama Paskalina alitokea na ungo wa maharage. Hakusalimia.

"Nimekuja kuhakikisha," alisema.

"Karibu, uhakikishe," Mwalimu alimjibu, akamsogezea kigoda.

Alihakikisha kila wiki. Alikaa akichambua maharage, uso ameukunja, huku mahindi yakipanda na kuchanua, na sisi tukipoza chai yetu isiyokuwepo. Wakati mwingine alinusa hewa kwa dharau. Kisha alasiri moja aliweka ungo chini.

"Huyu Madamu anakatisha," alimwambia Mwalimu, akininyooshea kidole kana kwamba sipo. "Kila akimpokea mlinzi, anaanza amechelewa. Nimekaa hapa nazijua pumzi zake zote. Sogea, Madamu."

Nilisogea. Alishika mrija kwa mkono wa mkulima, akampokea mlinzi, na Mwalimu, aliyekuwa na kiganja chake kwenye ncha ya Bibi, alingoja shimo ambalo halikuja. Kisha alisema, "Besi," na tangu siku hiyo Mama Paskalina hakuwa na jina lingine katika ua ule.

Mkutano wangu naye ninaotaka kumalizia ulitokea mwisho wa mavuno hayo. Baridi ilikuwa imembana. Hospitalini walimkataza kupuliza kabisa, hata kupoza chai ya kweli, na alitufundisha akiwa amejifunika blanketi, akielekeza kwa vidole. Mashamba ya kitongoji yalivunwa moja baada ya jingine. Likabaki moja. Mama Paskalina alikuwa amerudia kupanda baada ya mbegu za kwanza kuoza, na mahindi yake, juu kabisa kando ya msitu, yalisimama yakiwa bado na ukijani, peke yake. Yalihitaji wiki nyingi nyingine za jua, na jua halikuwepo. Sote tuliutazama ukungu, kisha tukamtazama Mwalimu, na hakuna aliyetaka kulisema.

Mama Paskalina alilisema.

"Mwalimu, pigeni. Shamba ni langu, na mimi nimekubali."

"Sikukuahidi wewe peke yako, Besi. Niliuahidi mkutano."

"Mkutano unalala nyumbani na mahindi yake! Kila mtu anajua hali yako."

"Nilipoyasema nilikuwa na hali yangu vilevile."

"Utakufa na ahadi yako hiyo."

"Inawezekana," alisema Mwalimu, na akajifunika vizuri.

Mama Paskalina aliondoka akibamiza lango. Asubuhi iliyofuata tulisikia panga likifanya kazi juu kule. Nilipanda mbio nikiwa na nguo za kazini. Mlinzi alishuka kutoka zamu akanikuta njiani. Mama Paskalina alikuwa katikati ya shamba, anakata.

"Mama, hayajakauka!" nilimwita.

"Punje zimeshakaza. Zitakaukia darini juu ya moshi, kama alivyokuwa akikausha mama yangu. Na usiende kumwambia kwamba nafanya kwa ajili yake, akaanza kuvimba kichwa. Nafanya kwa ajili ya tembo. Sitaki wanile mara ya pili. Utasimama hapo unashangaa, au utashika gunia?"

Nilishika gunia. Wapoza Chai walifika, halafu Mwenyekiti, halafu wengine ambao sikuwatarajia, akiwamo yule mzee aliyetaka vyoo, aliyedai kwamba alikuwa anapita tu. Jioni Mwenyekiti alilizunguka shamba lile kwa miguu, akaangalia kila mstari, akateremka mpaka uani kwa Mwalimu kumpa taarifa. "Limekwisha," alisema. Mwalimu alimwomba alirudie neno hilo. Kisha akaagiza glavu mpya.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, ndimi zilikuwa mahali pake. Tulidhani angesimama mbele yetu na kutuongoza. Alitukagua mmoja mmoja, akagusa kila ulimi kwa ncha ya kidole, akamwonyesha Mama Paskalina kwa kidevu kwamba aanze. Bibi alinguruma. Wajomba walifuata, Wajukuu wakaingia juu yao, na ardhi ya ua ule ikawa kama mgongo wa mnyama aliyelala. Mwalimu alichukua fimbo yake.

"Alto, zamu yako ni ya baadaye. Nisindikize."

"Wapi, Mwalimu? Wamekwishaanza."

"Ndiyo maana."

Tulipanda polepole, akipumzika kila penye kivuli, mpaka kwenye shamba lililovunwa, mahali mashina yaliyokatwa yanapoishia na msitu unapoanzia. Kutoka pale hatukuuona ua. Tuliona mabati na uzi mmoja wa moshi. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo. Sauti ilijaza bonde lote bila kuonekana inatoka upande gani. Kwenye shamba la pili mwanamke mmoja aliyekuwa akipiga maharage alisimamisha fimbo yake hewani, akasikiliza, akatambua ni nini, akaendelea kupiga.

"Miaka yote hii," alisema Mwalimu, "sijawahi kuisikia. Anayepuliza anasikia meno yake tu."

Aliketi juu ya mabua. Nilibaki nimesimama. Mtikisiko ule wa polepole ulikuja na kurudi, ukaja na kurudi, na kila nilipodhani sasa mtu atachoka na shimo litatokea, halikutokea.

"Alto. Niambie kweli. Mimi nimo?"

Niliijua pumzi yake kama ninavyoujua mwandiko wangu: ilikuwa na mkwaruzo mdogo mwanzoni, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Niliutafuta.

"Hapana, Mwalimu. Ni wao tu."

Alisikiliza tena, akiwa amefumba macho, akiipekua sauti ile toka chini hadi juu kwa ukali uleule aliokagua nao mabomba dukani. Alichukua muda wake.

"Na haijapungua," alisema.

Kisha alinisukuma mguu kwa fimbo. "Shuka. Mlinzi ana zamu jioni, Besi atabaki peke yake. Mimi niache hapa, nina kazi ya kusikiliza."

Niliteremka mbio katikati ya mashina. Uani, Mama Paskalina alikuwa amejaza mashavu, jasho linamtoka, macho hayabanduki kwenye bomba. Hakunitazama; aliusogeza tu mrija wa pili kwa kiwiko. Nilipiga magoti, nikavuta pumzi, nikaingia kabla yeye hajatoka.